Technics ya mjomba au Reloop ya vitufe? Nimezipiga zote mbili hapa Mbeya

Wadogo zangu wanaoanza u-DJ hapa mjini huniuliza swali lile lile: "Dada, nitafute Technics za zamani au ninunue hizi mpya zenye vitufe?" Jibu langu la kwanza huwaudhi, kwa sababu wengi wao hawahitaji mashine ya santuri hata moja. Kama kazi yako ni harusi, sendofu na kipaimara, nyimbo zako zote zimo kwenye laptopu na nyumbani kwenu hakuna santuri hata ya kupambia ukuta, chukua kontrola ya kawaida, ule ubao wa vitufe na vigurudumu unaochomekwa kwenye laptopu, na hela itakayobaki ongezea spika. Mashine ya santuri ni nzito, ni ghali, inataka meza isiyotikisika, tena moja haitoshi. Waalikwa hawajui unapigia nini. MC naye hajui.

Wanaobaki baada ya jibu hilo ni wa aina mbili. Kuna wenye santuri zenyewe, za kurithi au za kununua, na kuna wanaotaka kuskrachi, kuisugua santuri mbele na nyuma kwa mkono, yaani sahani izunguke kweli chini ya vidole vyao na siyo kigurudumu cha plastiki. Nawaandikia hao, kwa sababu mimi nimo pande zote mbili na kwa bahati wiki hizi mezani kwangu Mafiati zimekaa mashine za pande zote mbili.

Za zamani ni Technics SL-1200MK2, mbili, za mjomba. Mjomba alikuwa mtu wa TAZARA. Reli ile ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilimpitisha Zambia mara nyingi kuliko alivyopita kwao Mufindi, na kila alikorudi alirudi na santuri: rumba ya Kikongo, magitaa ya Kizambia ya miaka ya 70 yenye makelele mazuri, na za bendi zetu wenyewe, zile zilizorekodiwa Tanzania kisha zikapigwa chapa Nairobi. Mashine alizinunua mkono wa pili kutoka ukumbi wa dansi uliofungwa huko huko Zambia. Ya kisasa ni Reloop RP-8000 MK2, mali ya rafiki yangu wa Iringa aliyekwenda masomoni akaniachia niitunze. Kuitunza, kwa tafsiri yangu, ni kuipiga kila siku.

SL-1200 ya kwanza ilitoka mwaka 1972 kwa ajili ya watu wa kusikiliza sebuleni. MK2 ya mwaka 1979 ndiyo iliyoleta kile ki-slaida kirefu cha kulia cha kuongeza na kupunguza mwendo, tunachokiita pichi, pamoja na fuwele ya kwatzi ndani ya kuushika mwendo usipotee. Baada ya hapo umbo halikubadilika sana mpaka uzalishaji uliposimamishwa mwaka 2010. Mwaka 2016 jina likarudi na mashine za bei ya matajiri wa sebuleni, na mwaka 2019 ikaja MK7, ya ma-DJ. Kwa hiyo mtu akikwambia anakuuzia MK2 mpya, muage kwa heshima. Zote zilizoko sokoni zimeshapitia mikono ya watu.

Na bado zinafanya kazi. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa, wala si uchawi wa Wajapani. Mashine za bei ndogo huzungushwa na mkanda wa mpira kutoka kwenye kijimota cha pembeni. Mkanda unalegea, unateleza, na ukiishika santuri kwa kidole mota inashindwa. Shuichi Obata, mhandisi wa Matsushita, kampuni yenye jina la Technics, ndiye aliyeongoza kazi ya kuuondoa mkanda huo, na mwaka 1970 ikatoka SP-10, baba wa ukoo huu wote. Kwenye MK2 sumaku imefungwa chini ya sahani yenyewe, koili ziko kwenye bodi, kwa hiyo sahani ni sehemu ya mota. Ukibonyeza kitufe cha kuanzia, ndani ya sekunde 0.7 iko kwenye mwendo kamili. Hakuna mkanda wa kuchakaa, hakuna gia. Kitabu chake kinadai matone machache tu ya mafuta kwenye ekseli kila baada ya saa 2,000 za kupigwa. Nitajie kifaa kingine cha umeme nyumbani kwako chenye masharti mepesi hivyo.

Sahani inainuliwa kwa matundu mawili ya vidole, na hapo niwape tahadhari. Fundi wangu wa Mwanjelwa ana jirani anayechomelea mageti. Mara ya kwanza nilipompelekea mashine, kabla sijaiweka chini alitandika gazeti jipya, akafunga mlango. Vumbi la chuma likinasa kwenye ile sumaku ya chini, kulitoa ni kazi ya brashi na dua. Ukifungua mwenyewe nyumbani, usiilaze sahani sakafuni kifudifudi wala kichalichali.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye MK2 ni vidoti. Ukiwasha, taa nyekundu ya pembeni inamulika vidoti vilivyopangwa safu nne ukingoni mwa sahani. Safu inayoonekana imesimama tuli ndiyo inayokwambia uko wapi: mwendo kamili, asilimia 3.3 juu, asilimia 3.3 chini, au asilimia 6 juu. Hakuna skrini, hakuna namba. Gizani, ukumbi umejaa moshi, jicho linasoma vidoti kabla akili haijasoma tarakimu. Na kwa kuwa mwendo unaongozwa na kwatzi, umeme ukiyumba kidogo sahani haiyumbi nao.

Udhaifu wake upo. Nyaya za kutolea sauti zimefungwa ndani moja kwa moja. Zikikatika pale zinapotokea nyuma, upande mmoja wa spika unakufa na huwezi kuchomoa waya ukaweka mwingine, ni lazima ifunguliwe kwa chini na kuchomelewa risasi. Pichi inaishia asilimia 8 juu na 8 chini, na katikati, kwenye sifuri, kuna kikwazo kidogo kinachogota; ukitaka kukaa karibu sana na sifuri, kidole kinavutwa na kile kigoto. Vumbi likiingia kwenye ule mfereji wa slaida, mwendo unarukaruka. Yote haya, fundi wa redio anayejua kushika chuma cha risasi anayaweza. Hilo kwangu ni sifa kubwa kuliko sauti, maana huku kusini kituo cha huduma cha kampuni yoyote ya mashine hizi sijakiona, na vipuri vikiagizwa Kariakoo vinapandishwa basi, vinapanda Kitonga, vinashushwa stendi ukiwa umeshaghairi shughuli.

Sasa ya kisasa. Reloop ni kampuni ya Ujerumani, na RP-8000 MK2 kwa umbo haifichi imetoka tumbo gani: mkono wa sindano uliopinda kama S, slaida kulia, kitufe cha kuanzia kushoto chini, taa ya kumulikia sindano. Aliyezoea MK2 hapotei. Tofauti inaanzia kwenye vitufe vinane vinavyowaka rangi, kijiskrini, na tundu la USB linaloingia kwenye laptopu. Vitufe vinatuma amri kwa programu: ruka kwenye kiitikio, zungusha kipande hiki mara nne, piga sampuli. Kuna hata namna ya kuifanya sahani ibadili mwendo kwa ngazi za muziki, ukashika noti moja ndefu kwenye santuri na kuipigia wimbo kwa vitufe. Nilicheza nayo usiku mzima kwa furaha ya kitoto. Kazini sijaitumia.

Hapo ndipo ugomvi wangu na vitufe ulipo. Si kwamba ni vibaya. Vinaitika vizuri, vimekaa mahali pazuri. Ila kazi ile ile inafanywa na kijisanduku cha vitufe unachoweza kukiweka kando ya mikisa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, na kijisanduku kikifa usiku wa shughuli unakisukuma pembeni unaendelea. Vitufe vikiwa ndani ya mashine, mashine nzima inabeba maradhi yao, na sioni fundi wa redio akifungua bodi ya namna ile kwa imani.

Kinachonivutia kwenye Reloop ni vitu viwili ambavyo wauzaji huvitaja mwishoni. Cha kwanza ni pichi ya asilimia 50. Chukua usiku wa kawaida wa harusi Uyole: kwaya wakati maharusi wanaingia, rumba wakati wazee wanakula, Bongo Fleva, amapiano, halafu vijana wanadai singeli. Wimbo wa biti 100 kwa dakika kwenye MK2 unafika 108 juu na 92 chini, basi. Amapiano ya 112 huipati. Kwenye pichi ya 50 unaipata na kuipita, na programu ya laptopu inalinda sauti ya mwimbaji isiwe ya panya. Lakini ujanja wa wakongwe haujafa: singeli ya biti 200 ukiihesabu nusu ni 100, kwa hiyo unaibandika juu ya Bongo Fleva ya 100 bila kugusa slaida, ukumbi unaruka kabla haujajua umebadilishiwa. MK2 inatosha kwa hilo. Sikio ndilo linalotakiwa.

Cha pili kilinishangaza. Kwenye sanduku la mjomba, chini kabisa, mna santuri nzito zenye kuvunjika kama kigae ukizidondosha, alizoachiwa na babu. Hizo ni za mwendo wa 78, wa enzi ambayo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. MK2 ina 33 na 45 tu. Reloop inazo tatu: 33, 45 na 78. MK7 nayo, ambayo niliwahi kuipiga ukumbi mmoja Dar es Salaam, ukibonyeza 33 na 45 kwa pamoja inakwenda 78. Kwa hiyo mwenye santuri kongwe kuliko zote ndiye anayehitaji mashine mpya! Ila asiingize sindano ya kawaida humo. Mfereji wa 78 ni mpana, sindano ya leo inazama na kugonga sakafu ya mfereji. Inatakiwa sindano nene ya 78. Nilimpigia mama santuri moja ya hizo za babu kwa njia hiyo, akasikiliza amesimama mpaka mwisho, kisha akauliza kama naweza kuiweka kwenye simu.

Nguvu ya mota: kwenye Reloop unachagua, ya kawaida au kubwa. Kwenye kubwa inavuta kama maksai. Mtu anayeskrachi kwa nguvu ataipenda, santuri ikiachiwa inarudi mwendoni papo hapo. Mimi vidole vyangu vimelelewa na MK2, yenye nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 1.5 tu, na huwa nasukuma sahani kwa ncha ya kidole kurekebisha mwendo. Kwenye mota kubwa kidole kinaonekana hakipo. Nikaiweka ya kawaida, tukaelewana. Kwa kulinganisha, Pioneer PLX-1000 ya mwaka 2014 ni kilo-sentimita 4.5, MK7 ni 1.8. Namba kubwa haina maana ya bora. Ina maana ya mazoezi tofauti.

Sauti? Kwenye bar ya Kabwe saa tano usiku, hakuna mtu atakayekutofautishia, na mimi siwezi. Sauti inaamuliwa na sindano na jinsi ulivyoufunga mkono. Habari njema ni kwamba Technics, Reloop na Pioneer zinapokea kichwa cha kubebea sindano cha aina moja, kwa hiyo sindano zako unahama nazo. Mimi natumia sindano za Concorde za Ortofon kazini, kwa uzito wa gramu 3. Shure waliacha kutengeneza sindano mwaka 2018, pamoja na ile M44-7 waliyoapa nayo wanaskrachi wa dunia nzima, kwa hiyo ukiletewa "mpya kabisa" kwa bei ya kutupa, iangalie mara mbili. Wenye vichwa vyake vya zamani hununua ncha za Jico, kampuni ya Japani. Na santuri za kurithi usizipige kwa uzito wa kazini. Mjomba angenifukuza.

Hayo ni ya mezani. Huku kwetu kuna mambo ambayo waandishi wa Ulaya wanaozijaribu mashine hizi hawayataji, kwa sababu hawapigi kwenye jukwaa la mbao lililopigiliwa mchana ule ule.

Mtikisiko ni adui namba moja. Ukipiga kwa laptopu ukitumia santuri za alama, santuri ile haina muziki. Ina mlio mwembamba usiobadilika, hezi 1,000 kwa zile za programu ya Serato, na programu inasikiliza mlio huo kujua sahani inakwenda mbele, nyuma, haraka au taratibu. Sindano ikiruka kwa sababu wanakamati wanacheza juu ya jukwaa lako, programu inapotea na wimbo unapotea nayo. Besi ikiwa kubwa, mtetemo unapanda kwenye miguu ya meza, unaingia kwenye sindano, unarudi kwenye spika, na mngurumo unaanza. MK2 ina tumbo la mpira mzito na miguu ya kunyonya mtetemo, inavumilia kuliko nyingi, lakini mimi bado natembea na vigae viwili vya zege vya kutandikia barabara vinavyolalia mipira ya tenisi iliyokatwa nusu. Dereva wa bajaji huniuliza kila mara kama najenga.

Vumbi la Agosti hadi Oktoba ni adui namba mbili. Linajikusanya kwenye ncha ya sindano kwa kijipamba cheusi, na kwa anayetumia alama za laptopu hilo ni balaa, maana muziki wa kawaida ukififia kidogo unavumilika, alama zikififia programu inakata. Tatu ni baridi. Mji wetu uko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na sherehe za nje za Juni na Julai zinafika mahali ambapo DJ anavaa glavu zilizokatwa vidole. Mpira mdogo unaoshika ncha ya sindano hukakamaa kwenye baridi, sindano inaanza kuruka bila kosa la mtu. Sindano zangu zinakaa mfukoni mwa koti mpaka dakika ya mwisho.

Ukiyaweka hayo matatu pamoja, unaona kwamba usasa wenye faida huku si vitufe. Ni kuondoa sindano. Pioneer PLX-CRSS12, iliyotoka mwaka 2023, inakupa njia mbili: unaweza kupiga santuri kwa mkono na sindano ya kawaida, au ukaukunja mkono kabisa na mashine ikasoma mzunguko wa santuri yenyewe kwa sumaku. Rane Twelve ya mwaka 2018 ilishatangulia mbali zaidi, haina mkono hata wa kuonyesha. Sahani inazunguka, inatuma habari kwa laptopu, na santuri halisi haipigiki humo. Mashine za namna hii hazijui vumbi, baridi wala wanakamati. Kama ningekuwa mtu wa laptopu tu na nina hela, hapo ndipo ningekwenda, nisimame mbele ya PLX-CRSS12 nikijua kwamba Jumapili naweza kushusha mkono nikapiga rumba.

Lakini hela hiyo ni nyingi. Hata MK7, ambayo haina vitufe wala sumaku za kusoma, moja ni zaidi ya dola 1,000 ukiinunua mpya huko nje, kabla ya usafiri na ushuru, halafu zidisha mara mbili. Kuna njia ya katikati ambayo vijana wengi hawaijui: kifaa kinachoitwa Phase, kilichobuniwa na kampuni ya MWM ya Ufaransa. Ni kijidude cha betri kinachowekwa juu ya kitovu cha santuri, kinatuma mzunguko kwa redio hadi kwenye kisanduku kilichounganishwa na mikisa. Mashine yoyote yenye mota nzuri, hata ya mjomba, inakuwa haina haja ya sindano kwa usiku huo. Kuchaji usisahau, hilo ndilo sharti lake.

Umeme nao una lake, na hapa anayetafuta za zamani ndiye anayetakiwa kusoma kwa makini. Siku moja nilikuta kwa fundi Technics nzuri, inang'aa, ya kijana aliyeipata kwenye mzigo wa mitumba kutoka Japani.

"Dada, hii usiichomeke," akanizuia.

"Kwani mbovu?"

"Nzima kabisa. Ndiyo maana nasema usiichomeke."

Akaigeuza nyuma, kwenye kibandiko: volti 100. Umeme wa Japani. Sisi ni 230. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani zikichomekwa ukutani hapa, transfoma inaungua kabla hujasikia wimbo. Zilizouzwa Uingereza au Zambia hazina shida hiyo, na baadhi ya MK2 zina swichi ya kubadili volti iliyofichwa chini ya sahani. Kwa ile ya Japani unahitaji transfoma ya kushushia umeme, inayotembea nayo kila mahali. Reloop ina swichi ya kuchagua kati ya 115 na 230. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza hakikisha iko kwenye 230. Na kwa mashine yoyote, weka stabilaiza. Umeme ukikatika na kurudi, MK2 unabonyeza kitufe inaendelea. Kwenye mfumo wa USB unasubiri laptopu iitambue mashine upya, ukitabasamu mbele ya kamati.

Kwa hiyo mwenye santuri za 33 na 45 na bajeti ya kawaida: MK2 ya volti 230, apitie kwanza kwa fundi, asikilize pande zote mbili za spika, asogeze pichi taratibu kutoka juu hadi chini akitazama vidoti. Mwenye santuri za 78: Reloop au MK7. Anayeskrachi kwa laptopu kwenye majukwaa yetu: mashine yoyote yenye mota nzuri, na hela ya vitufe aiweke kwenye kuondoa sindano. RP-8000 MK2 yenyewe naipa heshima yake. Ni mashine ya mtu anayetunga muziki chumbani, mezani pametulia, mlango umefungwa. Rafiki yangu ni mtu wa namna hiyo hasa. Mimi siyo.

Mwisho wa mwezi inarudi Iringa kwa basi. Kwa anayesafirisha ya kwake: ng'oa sahani uifunge peke yake, fungua uzito wa nyuma ya mkono, toa kichwa chenye sindano, funga mkono kwa kishikizo chake na utepe wa karatasi juu yake. Mkono ukicheza njia nzima mpaka Makambako, beringi zake ndogo ndizo zinazoumia, na hizo hata fundi wangu hazigusi. Ukiipokea alfajiri na baridi, usiichomeke hapo hapo. Iache ndani mpaka ikauke umande na kupata joto la chumba, ndipo uwashe.